Lori Lenye Kibao cha Maji Safi

Ulifunga dirisha. Usikatae. Lori lilipokata kona kuingia kwa jirani ulijua limekuja kunyonya nini, ukaita watoto ndani, ukaongeza sauti ya redio, ukangoja harufu ipite. Ukaiita hiyo heshima, eti hutaki kumwaibisha mwenye boma. Lakini juu ya lori hilo kulikuwa na wanaume wanne, na leo ukiulizwa hata mmoja alifanana vipi, huna jibu.

Wala si jambo la jana. Wazee wetu walibeba ndoo za vyoo vya wakubwa wa kikoloni wa miji hii kabla jua halijatoka, wakipitishwa vichochoro vya nyuma ili anayebeba asionekane. Wakubwa walikwenda zao. Nyumba tukaingia sisi, na kitu cha kwanza tulichojifunza humo ni kugeuza uso.

Basi leo usigeuze. Kuna mtu amelala kwenye meza ya chuma.

Sajini Wacera alifika mochari Jumanne saa mbili asubuhi, akijua ana muda mpaka saa kumi. Saa kumi jioni Inspekta Yonis, mkubwa wake katika ofisi ya upelelezi, angelifunga faili. Lilikuwa na ukurasa mmoja tu: Gicheru, miaka thelathini na minne, kibarua, ameokotwa Jumatatu asubuhi kando ya Mto Chania. Mnywaji anayejulikana. Yaonekana aliteleza akiwa amelewa, akazama.

"Nani ameandika alizama?" Daktari Kaltun aliuliza bila kuinua kichwa.

"Askari waliomtoa."

"Waambie warudi shule. Mapafu hayana maji ya mto. Njoo hapa." Alimwinua marehemu mkono. Kwapani palikuwa na mchubuko mpana wa kamba, na upande wa pili vile vile. "Alifungwa kamba akavutwa juu. Na alipovutwa alikuwa ameshakufa, au amebakisha kidogo."

"Juu kutoka wapi?"

"Hiyo ni kazi yako." Daktari alichukua pamba, akaizungusha ndani ya sikio la Gicheru, akaitoa nyeusi. "Mwili wote umeoshwa. Kwa sabuni ya kipande, tena na mtu aliyejitahidi. Lakini anayeosha maiti kwa haraka husahau masikio. Nusa."

Wacera alinusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Hilo si tope la mto," Kaltun alisema. "Ni la shimo la choo. Hewa ya mle ndani haimpi mtu nafasi. Anavuta mara mbili, ya tatu hayuko. Huyu hakuwa kwenye ulevi, sajini. Huyu alikuwa kazini."

Nje, mkewe Gicheru alikuwa ameketi kwenye ncha ya benchi kana kwamba sehemu iliyobaki ina wenyewe. Jina lake Watiri. Alishika karatasi aliyopewa na askari.

"Hii karatasi inasema bwana yangu alitoka nyumbani amelewa," alisema. "Nikitia sahihi wananipatia mwili, tunazika Ijumaa. Sasa madam, nitie?"

"Alikuwa amelewa?"

"Jumamosi alikunywa, sikatai. Jumapili alitoka saa kumi na mbili asubuhi, hata chai hakuweka kwa mdomo. Alikuwa anaenda kazi. Saa nne na nusu akanipigia simu. Alisema hapa wamepata ngumu, ati choo imekauka kama simiti, mashine imekataa, itabidi mtu aingie na jembe. Nikamwambia usiingie. Akacheka." Aliikunja ile karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu. "Mimi sitaki mengi. Nataka kujua ni boma ya nani. Watoto wangu wataniuliza baba alikufia wapi. Niwaambie alikufia kwa chupa?"

"Alikuwa anamfanyia nani kazi?"

"Mwai wa Ruring'u. Yule wa lori ya bluu."

Kalamu ya Wacera ilisimama katikati ya herufi.

Jumapili hiyo hiyo lori la bluu la Mwai lilikuwa limefika kwa Wacera mwenyewe, huko Skuta. Yeye ndiye aliyelikodi. Jumamosi inayokuja wageni wa ruracio, sherehe ya mahari ya binti yake Sophie, wangekuja, watu thelathini na mavazi yao mazuri, na uani kulikuwa kumeanza kunuka. Aliacha lango bila kufuli, akaenda ibada ya saa nne, akarudi saa saba akakuta uani pamefagiwa na harufu imeisha. Hakuona lori. Hakuona mtu. Ndivyo alivyotaka.

"Sahihi usitie," alimwambia Watiri. "Ngoja mpaka saa kumi."

"Nitakungojea pale ofisini kwenu. Sitoki."

Afisa akijikuta ndani ya kesi, anatakiwa kuitoa mkononi papo hapo. Kila askari hufundishwa hivyo mapema kabisa. Wacera alifunga daftari, akajiambia kwamba Jumapili ina saa nyingi na Nyeri ina mashimo mengi, akaendelea.

Kituo cha kwanza kilikuwa mabwawa ya maji taka nje ya mji. Lori lolote lenye leseni ya kunyonya choo sharti limwage pale, na karani wa lango hutoa risiti yenye muhuri. Karani aliitwa Kinuthia, mtu wa kofia ya sufu hata jua likiwaka.

"Mwai?" Kinuthia alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Huyo nilimwona hapa mara ya mwisho mwezi wa kwanza, na alikuwa anauliza njia."

"Ametoa risiti yako ya Jumapili."

Wacera alitoa karatasi mkobani. Alikuwa ameikuta chini ya jiwe mlangoni pake alipotoka kanisani, akaitia mkobani bila kuisoma. Sasa alikuwa ameikunja sehemu ya chini, kidole gumba juu yake.

Kinuthia aliitazama kwa jicho moja. "Jumapili lango hili hufungwa, madam. Mimi mwenyewe huwa kwaya, naimba besi. Na huu muhuri umechongwa na fundi wa viatu. Wetu uko na namba ya bwawa, ona huu wangu. Mbona umekunja hapa chini?"

"Ni jina la mteja. Bado ni mambo ya uchunguzi."

"Aaah, mteja." Kinuthia alitema mate pembeni. "Hao ndio wabaya kuliko hata Mwai. Unajua ako na kibao? Nyeupe, imeandikwa MAJI SAFI. Akiingia mitaa ya watu wazito anaitundika kwa ubavu wa lori, ndio jirani afikirie mmeletewa maji. Na si yeye hupenda. Ni wao humwambia atundike. Sasa hiyo mzigo anaenda kuimwaga wapi, hakuna mtu huuliza. Kwa kahawa ya watu, kwa mto, Mungu ndiye anajua."

Wacera hakuliandika hilo la kibao. Yeye alikuwa amemwambia Mwai akitundike, kwa simu, na akarudia mara mbili ili asisahau.

"Jumapili alifanya kazi wapi, umesikia?"

"Kwa ile hoteli iko karibu na uwanja wa Ruring'u. Shemeji yangu ni mpishi hapo. Aliniambia jana mfuniko wa shimo yao umevunjika vipande viwili."

"Vipande viwili?"

"Katikati, kabisa kabisa. Kama biskuti."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Wacera aliandika haraka. Mfuniko uliovunjika, mtu ameanguka ndani, wenzake wamemvuta kwa kamba. Ilikuwa hadithi nzuri. Aliishika kwa mikono miwili njia nzima mpaka Ruring'u.

Meneja wa hoteli, kijana nadhifu aitwaye Griffins, alimpeleka nyuma ya jikoni akiruka madimbwi ili viatu visichafuke. Mfuniko ulikuwa pale, umepasuka kweli.

"Ni lori ya soda," Griffins alisema. "Jana Jumatatu. Ilirudi nyuma bila kuangalia. Nilimpigia dereva kelele mpaka sauti ikapotea."

"Jumapili mfuniko ulikuwa mzima?"

"Mzima kabisa."

"Nani aliingia ndani ya shimo Jumapili?"

"Aingie kutafuta nini? Hii yetu inanyonywa kila miezi nne, ni uji tu. Bomba iliingia, ikanyonya, ikatoka." Akaita mlinzi alete kitabu cha lango. "Ona. Kuingia saa moja kamili. Kutoka saa mbili na dakika ishirini. Watu wanne."

"Wanne walioingia, au wanne waliotoka?"

"Wote. Huyu Gicheru ndiye aliandika, mwandiko yake ni ile ya kulala upande. Mtu wa mzaha sana. Aliniambia kama chakula yetu ni tamu vile shimo imejaa, atahamia hapa. Aliomba chai, nikampatia na mandazi." Griffins alitazama chini, viatuni. "Nilimwambia akunywe huku nyuma lakini. Wageni walikuwa wanakula."

"Fikiria tena. Hakurudi baadaye? Labda alisahau kitu. Labda waliitwa tena, saa nne hivi."

"Hapana."

"Kitabu kinaweza kukosea."

Griffins alimtazama. "Madam, naona ni kama unataka arudi."

Wacera alimshukuru, akatoka. Simu ya Gicheru kwa mkewe ilikuwa ya saa nne na nusu, na choo alichokitaja kilikuwa kigumu kama simiti. Hoteli ilikuwa imekamilika saa mbili na dakika ishirini, nayo ilikuwa uji. Hesabu hiyo haikuhitaji chuo. Lakini mtu anayekimbia jibu hutafuta mlango mwingine, naye Wacera alibakiwa na mmoja: Nyawira.

Nyawira ndiye aliyekuwa na leseni halali ya kunyonya vyoo. Karatasi yenyewe ilikuwa ukutani juu ya meza yake, ndani ya fremu ya kioo, pale watu wengine huweka picha ya harusi. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ovaroli ya kijani, miwani kwenye kamba shingoni. Lori lake la njano lilikuwa uani, limeandikwa pande zote mbili, kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya bonde, kazi linayofanya. Wacera alikuja kumwuliza swali moja: ni mashimo mangapi upande huu yamekauka? Alitumaini ni mengi.

"Mwaka huu nimekagua arobaini na moja," Nyawira alisema, akifungua daftari. "Yaliyokauka ni matatu. Moja nimelifanya mwenyewe mwezi wa nne. Moja liko Kianyaga, kwa shamba ndugu wanapigania, korti imesema hakuna mtu kugusa hata jiwe. La tatu..." Aliligeuza daftari likamwelekea Wacera. "Soma wewe. Mwandiko yangu si mbaya."

Wacera alisoma. *Skuta, kwa Sajini Wacera. Miaka kumi na tisa halijafunguliwa. Tope gumu futi tatu. MTU ASIINGIE. Siku ya kwanza kufungua na kulainisha kwa maji, siku ya pili kunyonya. Mteja amekataa.*

"Bei hukukataa," Nyawira alisema. "Hiyo nataka nikupe haki yako. Ulikataa lori yangu ilale kwa lango lako. Ulisema hii njano inaonekana mpaka barabara ya lami. Ukaniuliza kama siwezi kufunika haya maandishi na turubai."

"Nakumbuka."

"Nikakwambia mtu akiingia mle ndani, anakufa. Nilisema ama sikusema?"

"Ulisema."

"Ukanijibu?"

"Nilisema nitafikiria."

"Wote husema hivyo. Halafu naona lori ya Mwai imepita na kibao yake, naambiwa ni maji." Nyawira alifunga daftari polepole. Alikuwa ameshaelewa, uso ukamlegea. "Ni nani aliingia?"

"Gicheru."

"Gicheru ya Watiri?" Alivua miwani. "Huyo alifanya na mimi miaka miwili. Mimi ndiye nilimfundisha asiingie."

Wacera alisimama. Aliomba nakala ya ule ukurasa. Nyawira alikataa nakala, akachana ukurasa wenyewe, akautia muhuri wa biashara yake nyuma na sahihi.

"Peleka yote," alisema. "Nakala zinapotea."

Uwanja wa Mwai ulikuwa nyuma ya duka la mbao. Lori la bluu lilikuwa likioshwa. Kwenye kioo cha mbele kulikuwa na kibandiko cha leseni ya mazingira. Wacera alikilinganisha na bamba la namba. Namba ya kibandiko ilikuwa ya lori jingine kabisa. Mwai mwenyewe alikuwa ameketi juu ya tairi, kijiti cha meno mdomoni, akimtazama anavyoandika.

"Umekawia," alisema. "Nilikungoja jana."

"Jumapili baada ya hoteli ulikwenda wapi?"

"Madam, kwani hujui?"

"Nataka useme wewe."

"Sawa. Skuta. Boma ya lango ya kijani, maua ya waridi. Mwenyewe alisema nimalize kabla ya saa saba, nitundike kibao, na nisiongee na majirani. Nimekosea mahali?"

"Endelea."

"Mashine ikanyonya yale maji ya juu, chini ikakataa. Gicheru akasema ataingia. Ngazi hatukuwa nayo. Yako tuliiona kwa dirisha ya stoo, lakini stoo ilikuwa na kufuli. Akashuka na kamba, ameishika tu na mkono. Akachimba kama dakika tano hivi. Halafu akanyamaza." Mwai alitoa kile kijiti mdomoni. "Nikakupigia. Nilitaka ufunguo. Na hiyo ngazi ningeshusha mtu amfunge kamba haraka."

"Hukunipigia."

"Toa simu yako."

Wacera hakuitoa. Mwai akatoa yake, akasoma kwa sauti, kidole juu ya skrini, kama mtoto anayesomeshwa. "Saa tano kasoro dakika nane, nimepiga, umekata. Saa tano kasoro sita, umekata. Saa tano, umekata, ukanitumia hii." Akamwinulia skrini. *Niko kanisani.*

Wacera alikumbuka. Walikuwa kwenye wimbo wa pili. Mama aliyeketi kando yake alikuwa amegeuza macho kuelekea skrini, na Wacera akafunika simu kwa kitabu cha nyimbo, akabonyeza bila kutazama. Mara tatu, ya mwisho kwa ujumbe ulio tayari ndani ya simu.

"Tulimtoa baada ya nusu saa," Mwai alisema. "Mmoja alifunga kitambaa usoni akashuka nusu, akampitisha kamba kwapani, karibu naye abaki huko. Tukamwosha kwa mfereji wako wa nyuma. Sabuni tulikuta kwa karo yako ya kufulia."

"Mkamtupa mtoni."

"Kwani ulitaka nimwache wapi? Hapo uani pako, na wageni wa Sophie wanakuja Jumamosi?" Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayedai shukrani. "Nilikufichia, madam. Kama vile kila siku huwa nawafichia. Na wewe nifichie. Andika mto, tusahau."

Wale waliokuwa wakiosha lori waliacha kuosha. Maji yaliendelea kutiririka. Wacera alimsomea Mwai haki zake, neno kwa neno, sauti yake ikiwa ya chini mno hata ikambidi arudie. Kisha akatoa pingu.

Mwai alinyoosha mikono. "Na zako atafunga nani?"

Gari la kituo lilipokwisha kumchukua, lilibaki jambo moja la utaratibu: shahidi asiye wa upande wowote. Jirani yake Wacera, Wangui, mama mwenye mguu mbovu, hakwenda kanisani Jumapili ile. Alimfungulia mlango akitabasamu.

"Karibu Mama Sophie. Matayarisho yanaendaje?"

"Jumapili ulisikia nini kwangu?"

Tabasamu lilikatika. "Si kitu."

"Mama Wangui, nimekuja kwa kazi."

"Nilisikia kelele. Mtu anaita, Gicheru, Gicheru. Wakaja wakagonga lango yangu pia, wakigonga na jiwe."

"Hukufungua?"

"Ningefungua aje? Niliona ile lori. Kibao ilisema maji, lakini mimi nina pua. Nikasema hayo ni mambo ya Mama Sophie, hatapenda nijue. Nikafunga dirisha, nikaweka ibada ya redio juu." Alimtazama Wacera machoni, akitafuta sifa. "Ni kwa heshima yako."

"Na ule ufunguo wangu wa stoo?"

"Si uko hapo? Ulinipatia tangu Krismasi."

Ulikuwa umening'inia msumarini kando ya mlango, uzi mwekundu. Kutoka msumari ule hadi shimo la Wacera ni hatua sitini. Alizihesabu akitembea, akaziandika.

Saa kumi kasoro dakika kumi Inspekta Yonis alikuwa na kifuniko cha kalamu mdomoni na faili mbele yake. Alisoma kurasa tano mpya. Wa tano aliusoma mara mbili.

"Hapa kwa mwenye boma," alisema, "umekosea jina."

"Sijakosea, afande."

Yonis aliinuka akafunga mlango. "Wacera. Tumefanya kazi miaka tisa. Mwai amekamatwa, amekiri, lori limeshikwa. Kesi imesimama. Naweza kuandika 'boma moja mtaa wa Skuta'. Wakwe zako wanakuja Jumamosi. Unataka waje wakute gari la polisi langoni na mkanda wa njano kuzunguka choo?"

"Mke wake aliuliza ni boma ya nani."

"Tutamwambia Skuta."

"Hakuuliza mtaa."

Aliweka mezani vielelezo vinne: ukurasa wa Nyawira, ufunguo wenye uzi mwekundu, risiti ya uongo, sasa imekunjuliwa mpaka chini, jina lake likisomeka, na simu yake. Simu ndiyo aliyoichelewesha mkononi. "Kuanzia sasa mimi si mpelelezi wa kesi hii. Nilipaswa kuiacha saa mbili asubuhi, hilo nalo nimeliandika. Niandikie maelezo kama mshukiwa. Nilionywa na mwenye leseni, nikamwita asiye nayo."

"Kwa sababu gani? Lazima niandike sababu."

Wacera alifikiri. Alitafuta sababu yenye uzito wa kulingana na mtu mzima aliyekufa, akakosa.

"Sikutaka kuonekana," alisema.

Watiri alikuwa kwenye ukumbi, ile karatasi bado mkononi, haina sahihi. Wacera alisimama mbele yake, na kwa kuwa hakujua aketi au apige magoti, akabaki amesimama.

"Ni boma yangu," alisema.

Watiri hakulia. Alimtazama kuanzia viatu hadi juu, taratibu, kama mtu anayekariri sura ili asiikosee siku nyingine.

"Asubuhi ulipokuwa unaniuliza maswali," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naogopa kujua."

"Hiyo ni kujua."

"Ndiyo."

"Alikufa saa ngapi?"

"Kati ya saa tano kasoro dakika nane na saa tano na nusu. Walinipigia. Nilikata."

Askari waliokuwa ukumbini walianza kutazama ukuta, dari, simu zao. Mmoja alikohoa akatoka nje. Watiri alisubiri mpaka mlango ukajifunga.

"Ijumaa utakuja," alisema. "Utasimama mbele ya watu na ya watoto wangu, useme hivyo hivyo na mdomo yako. Usitume mtu. Usitume maua."

"Kama sitakuwa rumande, nita..."

"Utakuja na pingu basi." Aliirarua ile karatasi, akampa vipande mkononi.

Na wewe uliyeketi hapo na ukurasa huu, kazi yako ya choo umeshaipanga. Ni Jumapili hii au inayofuata, watu wakiwa ibadani, kwa fundi uliyeelekezwa kwa minong'ono. Weka kitabu chini umpigie. Muulize namba ya leseni, na namba ya lori iliyoandikwa ndani ya leseni hiyo. Muulize atamwaga wapi, na kama huko hufunguliwa siku hiyo. Muulize kama kuna mtu atakayeshuka shimoni. Akikuambia yupo, ivunje kazi hiyo kabla hujakata simu, hata kama wageni wako wako njiani. Kisha muulize majina ya watu wake wote, uyaandike kwa mkono wako mwenyewe, na siku hiyo usiende popote. Simama pale.

Piga sasa. Lori limeshatiwa mafuta.